Chupa Iliyochemka Bila Moto

Simu ya mdogo wangu ilinikuta chini ya lori. Lori lenyewe lilikuwa linaelekea Tunduma, likaharibika gia boksi pale Mikumi, na mimi nilikuwa nimejipachika kwa dereva kama mtu wa kupakia na kushusha. Siku hiyo nilikuwa namshikia fundi tochi huku nikimuuliza kila chuma kinafanya nini. Fundi alishanichoka.

"Wewe jamaa ungesoma ungekuwa mtu hatari," aliniambia.

Nilimjibu kwamba shule niliiacha mapema, na sidhani kama walimu walinililia, maana hata wao maswali yangu yaliwachosha.

Mdogo wangu hakusalimia. Hicho ndicho kilichonitoa chini ya lori. Kwetu mtu hata akija kukwambia nyumba yako inaungua, atakuuliza kwanza habari za asubuhi.

"Kaka, niko njiani na mtoto. Hapumui vizuri. Nikute hospitali hapo Mikumi."

Mdogo wangu ameolewa Ulaya, si ile ya wazungu, ni kijiji cha huku huku kwetu. Analima mahindi na mpunga, na tangu aolewe hajalala nje ya nyumba yake isipokuwa kwenye misiba. Tulizaliwa nyumba moja, Kilosa, karibu na reli, wajukuu wa mzee aliyekuja kukata mkonge akitokea mbali na hakurudi tena kwao. Yeye alirithi ule ukaaji wa babu, mimi nikarithi miguu iliyomleta. Nimevuna vitunguu Malolo, nimeshusha magunia ya maharage kutoka mlimani Vidunda, nimebeba kokoto za reli mpya. Mahali nikishajua panafanyaje kazi, naondoka. Sioni kama ni sifa wala aibu, ndivyo nilivyo.

Walifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Mtoto alikuwa katikati, kafungwa kwa khanga kifuani kwa mama yake. Mpwa wangu alikuwa na mwaka na kidogo, ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika kuta, mtoto wa kelele sana. Siku hiyo hakuwa na kelele. Kila akivuta pumzi ngozi chini ya mbavu ilizama ndani, pua zikapanuka, na akaguna kwa sauti ndogo, kama mtu anayebeba mzigo uliomzidi. Zahanati ya kijijini walikuwa wamempa dawa ya kikohozi, wakamwambia mama yake akiona mbavu zinaingia ndani asisubiri. Hakusubiri.

Nesi mmoja wa makamo alimtazama mara moja tu, akamchukua mikononi, akaenda naye mbio. Sisi tulifuata ndala zake.

Hakukuwa na chumba cha peke yake cha watoto mahututi. Ilikuwa kona ya wodi ya watoto, karibu kabisa na meza ya manesi, vitanda vichache vimesogezwa ili nesi avione vyote bila kusimama. Katikati ilikaa mashine ya oksijeni, kubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, ikiunguruma kama jokofu la zamani. Mipira yake ilikuwa imegawanywa ikaenda kwa watoto zaidi ya mmoja. Kifaa cha kubana kidoleni, kile kinachoonyesha oksijeni ya mwilini, kilikuwa kimoja, na kilizunguka kitanda hadi kitanda.

Mpwa wangu hakuwekewa mpira wa kawaida. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema ni nimonia kali, mapafu yamechoka, na mpira wa kawaida hautamtosha. Nesi akaleta chupa.

Ilikuwa chupa tu ya plastiki, yenye maji, imebandikwa plasta nyeupe ubavuni. Mpira mmoja ulileta hewa kutoka kwenye mashine hadi kwenye vijirija viwili vilivyokaa puani mwa mtoto. Mwingine ulitoka puani ukaja kuzama ndani ya chupa. Mashine ilipofunguliwa, maji yakaanza kuchemka. Mapovu yalipanda mfululizo, blu-blu-blu, na mtoto akaguna, akaguna, halafu baada ya muda kuguna kukapungua.

Nikauliza. Nisingeweza kutouliza.

"Maji ya nini sasa, sista?"

"Umewahi kupuliza soda kwa mrija?"

"Sana."

"Si unasikia soda inakupinga kidogo? Ndiyo hiyo. Akitoa pumzi, maji yanampinga kidogo, mapafu hayafungi yote. Mrija ukizama zaidi, unapingwa zaidi. Ndiyo maana ya plasta hii. Maji yanakaa hapa. Si juu, si chini." Akanitazama vizuri. "Wewe ni nani yake?"

"Mjomba."

"Mjomba, una kazi?"

"Nina safari."

"Basi una kazi. Kaa hapa."

Akasukuma kiti kwa mguu hadi kwenye chupa. Akanieleza kwamba kwenye hospitali kubwa mashine hupiga kelele yenyewe mtoto akizidiwa. "Hapa sina mashine ya kupiga kelele. Nina ndugu wa mgonjwa. Mapovu yakisimama usije kunitafuta, usianze kufikiri, piga kelele. Wewe ndiye kengele yangu."

Nilimuuliza daktari kwa nini asipelekwe Morogoro. Alisema amelifikiria. Lakini barabara inakatisha katikati ya hifadhi, gari linakwenda taratibu kwa ajili ya wanyama, na ndani ya gari hakuna mashine wala chupa, kuna mtungi tu wa oksijeni. "Akitulia hapa, atapona hapa. Tumpe nafasi kwanza."

Kwa hiyo nikakaa. Mdogo wangu alikaa kitandani, mkono juu ya tumbo la mtoto, na mimi kwenye chupa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Gunia ukilibeba linaisha safari yake. Mapovu hayana mwisho, na mwisho wake ndio usioutaka. Mguu wangu ulianza kutikisika wenyewe ukagonga chuma cha kitanda.

"Mjomba, mguu!" nesi alisema kutoka mezani, bila kuinua kichwa.

Nikauzuia. Ukaanza mwingine.

Siku ya pili umeme ukakatika mchana kweupe. Mashine ilinyamaza, na kabla sijajua nimefungua mdomo nilikuwa nimeshapiga ukelele uliowaamsha watoto wote. Nesi alikuwa tayari anausukuma mtungi, akahamisha mpira, mapovu yakarudi. Baadaye jenereta likawaka. "Vizuri," alisema akijifuta jasho, "kengele inafanya kazi." Mdogo wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, kisha akalia.

Kitanda cha pili alikuwepo yeyo mmoja, ndivyo tunavyowaita kina mama wa kifugaji. Alikuja na mwanawe mchanga wa kiume kutoka bondeni walikochunga. Mumewe alikuwa amemleta, akarudi kuangalia ng'ombe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Aliitazama chupa yetu kwa muda mrefu, akanyoosha kidole akaigusa, akakirudisha haraka kama mtu aliyegusa sufuria. Akaigusa tena.

"Baridi," aliniambia.

"Baridi."

"Inachemka na hakuna moto."

"Hata mimi nimeshangaa."

Mwanawe alikuwa kwenye mpira wa kawaida, na haukumtosha. Daktari hakuficha. Vifaa vya chupa vilivyokuwa vizima vilibaki hivi vyetu tu, vingine vilikuwa kwa watoto njiti, navyo visingeweza kuondolewa. Wetu akiweza kupumua bila chupa, chupa itakwenda kwa yule. Alilisema hilo mbele ya mama wote wawili. Tangu hapo mdogo wangu na yule yeyo walipeana maji, walishikiana watoto wakati wa kubadilisha nguo, lakini hawakutazamana sana machoni.

Dereva akapiga simu. "Oya, gia boksi imetiki. Kesho tunasepa. Unakuja hukuji?"

"Nakuja," nilisema. Nilimaanisha.

Mchana ule, saa ya kuwaona wagonjwa, akafika mama mkwe wa mdogo wangu kutoka Ulaya. Alikuja na chupa ya uji, kapu, na khanga mbili mpya za mjukuu. Mlinzi alikuwa mkali: kwenye kona ile, ukiacha mama wa mtoto, mgonjwa mmoja, mtu mmoja. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kuoga. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mwenye magari?"

"Ndiyo mimi nisiye na gari, mama. Karibu kiti."

Nisingeweza kukaa na yeye amesimama, na tusingeweza kuwa wawili. Nikamweleza kazi kama nilivyoelezwa mimi: haya mapovu yasisimame, yakisimama uite kwa nguvu. Akaitikia kwa kichwa, macho kwenye chupa, kama mtu aliyeona jambo analolijua. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha la wodi.

Niliyasikia mapovu hata pale nje. Yalikuwa yameshaniingia masikioni kama injini inavyomwingia utingo, husikii tena mpaka ibadilike. Nikawa nafikiria Tunduma, nafikiria mpaka, watu wanaobadilisha fedha barabarani, mambo ambayo sijawahi kuyaona na nilitaka kuyaona. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa nzito, ikaja moja moja. Blu. Blu. Ikanyamaza.

Nilimpita mlinzi nikipiga kelele. Aliniita kichaa, sikumjibu. Ndani, mama mkwe alikuwa amekaa wima, ametulia, mikono mapajani, chupa mbele yake imejaa hadi shingoni. Juu ya maji lilielea jani la mchaichai.

Mtoto alikuwa ameamka. Mbavu zilikuwa zinazama tena, tumbo limejaa, na alikuwa anarusha kichwa huku na huku akitafuta hewa.

"Nani kagusa chupa?" Nesi alikuwa ameshafika.

Mama mkwe, kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha: "Mimi. Nyungu ilikuwa inaelekea kukauka, mwanangu. Nikamwongezea."

Nikaelewa yote mara moja. Kwetu mtoto akibanwa kifua anafukizwa. Majani yanachemshwa, mvuke unapanda, mtu anafunikwa shuka, na jambo moja analolijua kila mwanamke ni kwamba nyungu haiachwi ikakauka. Alikuwa ameona maji yanachemka, mpira umeingia puani kwa mtoto, maji yameshuka kidogo, na mimi mwenyewe nimemwambia yasisimame. Akachukua maji yake ya kunywa akamimina. Jani aliliongeza kwa sababu aliona hospitali imesahau dawa.

Nesi alilitoa jani kwa vidole viwili, akachukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akawa ananyonya maji na kuyamwaga kwenye beseni. Mrija ulikuwa umezama mno. Hewa ilishindwa kusukuma ikapita, ikawa inavujia puani na nyingine inashuka tumboni. Maji yakashuka, yakashuka, hadi kwenye plasta. Povu moja likapanda. La pili. Kisha yakaja yote.

Kifaa cha kidoleni kilikuwa kimeletwa, namba zimeshuka lakini zinapanda. Wodi nzima ilinukia mchaichai.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule yeyo. Alifunika mdomo, lakini kicheko kikatoka, na sijui alicheka nini hasa, labda ilikuwa woga unatafuta njia. Nesi naye midomo ikamcheza.

"Bibi," alisema, "hii si nyungu. Haya maji mtoto hayavuti. Ni breki tu."

"Sasa ningejuaje? Maji yanachemka, mtoto ana kifua." Mama mkwe alimtazama mtoto. "Nimemuumiza?"

"Amevumilia," nesi alisema. Akauweka mkono kifuani kwa mtoto, akakaa hivyo kwa muda. "Tena amevumilia kuliko nilivyotegemea. Siku aliyokuja asingeweza hivi."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na taulo begani. Alisikia hilo la mwisho, na nilimwona usoni kwamba hakulisikia kama habari njema.

Jioni alinivuta kando ya bomba la maji.

"Kaka, wanamtoa kwenye chupa kesho. Kwa sababu ya maji ya mama wanasema anaweza."

"Nesi amesema anaendelea vizuri."

"Nesi anamtazama yule mwingine pia! Nani atanihakikishia hawafanyi haraka?" Alikuwa anakamua khanga ambayo ilishakauka. "Na wewe unaondoka."

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni.

Asubuhi daktari alikuja, akamsikiliza mtoto mbele na nyuma. Akamwambia nesi atoe vijirija, amwekee mpira wa kawaida, wamwone.

"Daktari," mdogo wangu alisema. Yeye si mtu wa kumkatiza daktari. "Unamtoa kwa sababu amepata nafuu, au kwa sababu yule anaitaka chupa?"

Daktari alimgeukia. "Vyote viwili, mama. Ila kama ingekuwa cha pili peke yake nisingemgusa. Akishindwa, narudisha hapa hapa, mbele ya mjomba wake."

Yeyo alikuwa amegeukia ukutani. Alikuwa anajaribu kumnyonyesha mwanawe aliyeshindwa kunyonya, anamkamulia midomoni, na aliugeuzia ukuta uso ili asionekane anangoja.

Plasta ikabanduliwa shavuni. Mtoto alikunja uso. Nesi akachomoa vijirija, akaweka mpira mwembamba, na chupa ikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mapovu kusimama na mimi nimeamriwa nisipige kelele. Masikio yangu hayakuwa na kazi. Nikabaki na macho. Ngozi chini ya mbavu ilizama. Ikapanda. Ikazama tena, zaidi kidogo ya mwanzo. Mdogo wangu alimshika mkono daktari, kitu ambacho hangekifanya siku nyingine, na daktari akauacha mkono wake pale. Dirishani mama mkwe alikuwa amesimama nje, kiganja juu ya kioo, midomo inatembea.

Tulikaa hivyo. Sijui kwa muda gani. Lori lilipita barabarani na kutetemesha vioo, na mimi ambaye hutambua lori kwa mlio sikulitambua.

Mtoto akaikamata alama ya gundi shavuni, akaivuta, haikutoka. Akakasirika. Akafungua mdomo akalia, sauti imekwaruza, lakini ilikuwa ile sauti yake ya kushika kuta na kupiga kelele, na ilipanda na haikukatika.

"Anayelia hivyo ana pumzi za kumwaga," nesi alisema.

Mdogo wangu akamnyanyua akamweka begani. Hakutushukuru yeyote. Alipita hatua zile chache kati ya vitanda viwili akaketi karibu na yule mama wa kifugaji, akamgusa bega. Hawakusema kitu. Mmoja hakuwa na Kiswahili cha kutosha, mwingine hakuwa na la kusema kwa lugha yoyote.

Vifaa vilioshwa, vikalowekwa kwenye dawa, vikasuuzwa. Nilimfuata nesi hadi sinki nikiuliza dawa ni ipi na inaua nini, naye akanijibu kwa sababu alijua nisipojibiwa nitagusa. Maji mapya, plasta mpya. Yule mtoto mchanga alipowekewa, alipigana, kisha akachoka kupigana, na mapovu yakaanza.

Mama yake alikuwa hajala wala kuoga tangu sijui lini. Nesi alimwambia aende. Akakataa kwa kichwa. Nesi akamwambia tena, akamwonyesha upande wa bafu, akamwonyesha uji ulioletwa na mama mkwe. Akakataa. Ndipo nesi, bila kunitazama, akakisukuma kile kiti kwa mguu, kutoka kitanda chetu hadi kitanda cha pili.

Simu ikatetemeka.

"Oya! Tumeshawasha! Upo wapi?"

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Wewe? Toka nje basi, tunapita hapo getini!"

"Nendeni," nilisema. "Nitawakuta mbele." Alicheka, maana wote wawili tulijua lori la Tunduma halikutwi mbele na mtu wa miguu.

Nikakaa. Yeyo alinitazama, akaitazama chupa, akaigusa kwa kidole kama kawaida yake, kisha akachukua khanga akatoka, akigeuka kila hatua. Mama mkwe aliingia zamu yake akasimama mbali na chupa, mikono kaifungia nyuma ya mgongo.

"Mimi siigusi," alisema. "Mnaniona wote. Siigusi."

Nje honi ya lori ililia mara mbili, ndefu. Kabla hazijaisha mguu wangu ulikuwa umeshaanza, chuma cha kitanda kikaanza kulia.

"Kaka, mguu," mdogo wangu alisema kutoka kitanda chetu, bila kugeuka, mtoto amelala begani kwake.

Niliushika kwa mikono yote miwili, nikayasikiliza mapovu.